Kongwa: Ardhi Iliyokula Vyuma

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa sekondari habari za mpango wa karanga wa Kongwa, atakujibu upesi: Waingereza walitaka karanga, mvua ikawanyima, fedha zikapotea, basi. Jibu hilo halina uongo, ila linasimama kwa mguu mmoja. Vitabu vinatuhadithia mawaziri, mamilioni ya pauni na makelele ya bunge la London. Gereji haimo. Fundi hayumo. Plau iliyopinda haimo. Mimi ninashikilia, ndugu msomaji, kwamba anayetaka kujua Kongwa ilianguka lini na kwa nini, sharti apite gereji kwanza. Vyuma vilitoa habari kabla ya ukame, na kabla ya mkaguzi wa hesabu. Tatizo ni kwamba waliozisikia habari hizo hawakuwa na mamlaka, na wenye mamlaka hawakuwa na habari.

Tuanze na njaa ya mafuta. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilitoka mshindi mwenye sufuria tupu. Mafuta ya kupikia na siagi vilitolewa kwa mgawo, kila familia na kadi yake. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya huko wazo: karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, tena kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu iliyonyooka kama rula: ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliupokea mpango huo kwa mikono miwili, na mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakapiga hema Kongwa, Ugogoni, upande wa mashariki wa Dodoma.

Kwa nini Kongwa? Sababu moja kubwa ni kwamba palionekana pa tupu. Ukipita juu kwa ndege unaona pori limetanda, vijiji vya kuhesabu, basi unasema: hapa hatutamhamisha mtu. Lakini Mgogo angekueleza kwamba nchi haiachwi tupu bila sababu. Ugogo ni nchi ya ng'ombe, uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu. Wazee wa wakati ule walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ikaua watu kwa maelfu. Miaka 30 si mingi. Aliyezaliwa wakati wa Mtunya alikuwa mtu mzima tingatinga la kwanza lilipoingia Kongwa. Kumbe maktaba ya hali ya hewa ilikuwepo, tena ikitembea kwa miguu na kuchunga ng'ombe.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe.

Matrekta mapya hayakupatikana. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa ndiyo kwanza vinajikung'uta vumbi la vita. Ikabidi yanunuliwe masalio ya jeshi, mengi kutoka Ufilipino, matingatinga yaliyokwishachakaa vitani. Yakashushwa bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa finyu kwa mzigo ule, yakapanda reli ya kati, na reli yenyewe ikakatwa na mafuriko mwaka huohuo wa 1947. Yalipofika Kongwa yalikuwa ya aina nyingi mno. Wewe uliyewahi kushika spana unajua maana yake. Ukiwa na matrekta ishirini ya aina moja, spea ya moja inaponya jingine. Ukiwa na ishirini ya aina kumi, una magonjwa kumi na dawa mbili.

Halafu pori. Lile la Kongwa ni kichaka kilichosukwa, miti mifupi yenye miiba iliyoshikana juu, na chini mizizi imeshikana zaidi. Tingatinga liliweza kulaza kichaka, lakini mizizi ilibaki, na karanga haziwezi kulimwa kwa mashine juu ya visiki. Kwa hiyo yakaletwa makucha ya kung'olea mizizi, meno makubwa ya chuma yanayokokotwa nyuma ya tingatinga, pamoja na visu vizito vya kukata mizizi chini kwa chini. Pale ndipo Kongwa ilipoanza kula. Meno yalivunjika. Visu vilipinda. Mabapa ya matingatinga, yaliyoundwa kusukuma kifusi cha vita, yaligonga mibuyu yakarudi na nyufa. Na mbuyu wenyewe una mambo yake: inasimuliwa kwamba nyuki waliokaa humo waliwatimua madereva mpaka wengine wakalazwa hospitali. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi.

Hapo watu wa kazini wakabuni jambo lao. Walipendekeza mnyororo mzito wa nanga ya meli ufungwe kati ya matingatinga mawili, yaende sambamba kwa umbali, mnyororo uburuzwe katikati na kulaza kichaka chote, na tingatinga la tatu lifuate nyuma kusukuma miti iliyokaidi. Wazo zuri, rahisi, na ajabu yake ni kwamba mnyororo hauna jino la kuvunjika. Inasimuliwa kwamba ombi la minyororo lilipofika London, wakubwa walidhani ni mzaha: nanga ya meli, porini, mamia ya maili kutoka baharini? Baadaye minyororo ilikuja na ikafanya kazi. Lakini muda ulikuwa umekwenda.

London nayo ilikuwa na ubunifu wake. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vilipelekwa kwenye kiwanda cha Vickers, vikavuliwa mizinga na kufanywa matrekta. Vikaitwa Shervick, nusu Sherman, nusu Vickers. Ni ndoto ya zamani hiyo, kugeuza silaha kuwa zana ya kilimo, na kwenye karatasi inapendeza. Shambani, wapi! Kifaru kiliundwa kukimbia na kupiga, hakikuundwa kukokota mzigo kutwa nzima kwa mwendo wa kobe, katika vumbi. Shervick hazikuwafaa kitu.

Lakini adui mkubwa wa chuma pale Kongwa hakuwa mbuyu wala mzizi. Alikuwa udongo wenyewe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na ndani ya mfinyanzi umechanganyika mchanga mkali. Wakati wa mvua unalegea, ukilimwa unaona raha. Mvua zikikatika, jua la Ugogo linauoka kama tofali. Sasa fikiria plau ya diski inapita mle. Mfinyanzi mkavu unashika chembe za mchanga kwa nguvu kama vile gundi inavyoshika msasa, na chembe ya mchanga mweupe ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kwa hiyo kila mzunguko wa diski ni kusuguliwa na msasa. Kilichotarajiwa kudumu msimu kililika upesi mno.

Naomba nitulie kidogo hapa, maana wengi hudhani kuharibika ni kuharibika tu. Fundi hasemi hivyo. Kwa fundi, zana ya kulimia ina magonjwa matatu, na kila moja lina maneno yake.

La kwanza ni kuvunjika. Chuma kilikuwa kizima, kikakutana na kisiki au jiwe, kikakatika ghafla. Ukitazama mahali palipokatika unaona chembechembe zinang'aa. Hiyo ni habari ya kitu kimoja: kulikuwa na kizuizi ambacho dereva hakukiona, au alikiona akapita kwa kasi.

La pili ni kupinda. Fremu ya plau haipindi kwa siku moja. Inapinda kwa sababu inalazimishwa. Diski zikishakuwa butu haziingii ardhini, basi dereva anaongeza uzito: anafunga mawe juu ya plau, au anamketisha kijana juu yake. Plau inaingia, ndiyo, lakini uzito wote sasa unabebwa na fremu na beringi. Beringi zinakufa, grisi inatoka, vumbi linaingia, ekseli inalegea. Kupinda ni habari ya tabia: watu wanajua zana imechoka, na bado wanaisukuma.

La tatu ni kulika, na hili ndilo lenye habari nyingi kuliko yote. Diski ya inchi 26 ikipungua inchi nne au tano haifai tena, hailimi kina kile kile wala haipindui udongo vizuri. Sasa fundi akiandika tu katika daftari, diski hii imefungwa lini, imelima ekari ngapi, imefika hapa lini, ana hesabu kamili. Atakwambia kwa ekari 100 unahitaji diski ngapi. Na akizidisha hiyo kwa ekari 30,000, halafu kwa mashamba 80, hahitaji kuwa profesa kuona kwamba mpango hauwezekani. Atauona kabla hata karanga ya kwanza haijaota.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulitafakari. Wanaosema mvua ndiyo iliyoua Kongwa wana ushahidi wao: mwaka 1949 ukame ulikuwa mkali kweli, mimea ikanyauka. Lakini angalia tarehe. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kulima ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Yaani katika kila ekari 20 walizoahidi, walipata moja. Hapo ukame wa 1949 ulikuwa bado. Mpango ulikwishashindwa na mizizi, udongo na uhaba wa spea. Mvua ilikuja kumzika maiti ambaye gereji ilikwishamfunika shuka.

Hata mavuno yalisema hivyohivyo. Karanga ni zao la ajabu kidogo: ua likishachavushwa, kijiti chake hushuka na kujichimbia ardhini, na punje hukua humo gizani. Udongo ukiwa mgumu, kijiti hakiingii. Na kikiwa kimeingia wakati wa mvua, halafu ardhi ikakauka wakati wa kuvuna, karanga inafungiwa humo kama mfungwa. Mashine za kuvunia zikakutana na tofali lile lile lililokula diski. Udongo uliomaliza plau ni udongo huohuo uliokataa kuachia karanga. Kama mtu angeichukua diski iliyolika mezani kwake mwaka 1947 akaiuliza maswali, ingemwambia matatizo ya kupanda na ya kuvuna kwa pamoja.

Nani alikuwa karibu na hiyo diski? Juu walikuwa maofisa, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani, na mpango wenyewe uliongozwa kama vita: amri zinashuka, taarifa zinapanda zikiwa zimepigwa pasi. Chini walikuwa Waafrika, wakiwemo waliotumikia King's African Rifles, waliojifunza udereva na ufundi palepale. Ndio waliolala chini ya plau. Spana boi alijua plau ipi inavuja grisi na shamba lipi linavunja meno, lakini cheo chake kilikuwa cha kupokezana spana, si cha kutoa maoni. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakaungana nao. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa chini walikuwa kimya. Walisema juu ya mshahara na maisha, wakasikika kwa sababu kazi ilisimama. Habari ya udongo haikuwa na mgomo wa kuisindikiza.

Aprili 1948 mpango ukatolewa mikononi mwa kampuni na kupewa shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation, chini ya Leslie Plummer. Kazi ilikuwa imekwishaenezwa hadi Urambo, magharibi, na Nachingwea, kusini, ambako ilibidi ijengwe reli mpya na bandari mpya Mtwara. Malengo yakapunguzwa, yakapunguzwa tena. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza mwisho wake, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache kiasi kwamba watu walisema kwa mzaha wa uchungu kwamba mbegu zilizonunuliwa ziliwashinda mavuno.

Ziko zana ambazo hufungwa na bolti moja laini kuliko vyuma vingine vyote. Kazi ya bolti hiyo ni kukatika. Plau au makucha yakigonga kitu kigumu, bolti inakatika, zana inalegea, dereva anasimama, anashuka, anatazama, anafunga bolti nyingine ya bei ndogo na kuendelea. Dereva mwenye haraka huiona bolti hiyo ni usumbufu. Akichoka kuibadilisha anaweka bolti ngumu, au anachomelea kabisa. Siku hiyo anafurahi, maana hakuna kinachokatika. Siku ya pili jembe linagonga kisiki, na kwa kuwa bolti haikubali kukatika, inakatika gia.

Mpango wa karanga haukuwa na bolti laini. Hapakuwa na shamba dogo la majaribio la ekari mia chache, la kulima misimu miwili au mitatu, ambalo lingeshindwa kwa bei ndogo na kuwafanya watu washuke na kutazama. Waliambiwa hakuna muda, Uingereza ina njaa. Kila sehemu ilichomelewa kwa nyingine: waziri alikwishaahidi bunge, bunge lilikwishatoa fedha, meli zilikwishapakia. Basi udongo ulipogonga, kilichokatika kilikuwa gia kubwa. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kongwa walijenga ukuta wa pauni milioni 36.

Wapo watakaosema: ndugu mwandishi, haya ni makosa ya mkoloni, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. Baada ya uhuru nasi tulianza na matrekta. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 yalianzishwa makazi ya wakulima yaliyopewa mashine na fedha nyingi, na mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mengine ya namna hiyo hayataanzishwa, kwa kuwa gharama ilizidi matunda. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi mara nyingi kwamba kati ya jembe la mkono na trekta kuna hatua haipaswi kurukwa, nayo ni plau ya ng'ombe. Hakuwa anachukia mashine. Alikuwa anauliza swali la gereji: nani ataitengeneza, kwa spea ipi, na kwa fedha ya nani? Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitoa majembe na plau za ng'ombe ambazo fundi wa kijijini aliweza kuzinyoosha kwa nyundo na moto.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Tulikuwa tumetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, sabuni ya kufulia ni habari. Matrekta ya Valmet yaliunganishwa Kibaha, na mengine yaliendelea kuja kwa misaada kutoka nchi tofauti, kila nchi na chapa yake. Si ndiyo Kongwa ileile? Magonjwa kumi na dawa mbili. Trekta likikosa beringi moja lilisimamishwa uani, kesho likanyofolewa dainamo ili kuponya jingine, keshokutwa magurudumu, mwisho kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Tangu mwaka 2010, chini ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza, matrekta kutoka India yakauzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT. Kila awamu picha ya gazetini ni ileile: trekta jipya, utepe, mkasi, mheshimiwa ameketi usukani. Plau iliyo nyuma haipigwi picha. Na kwa kweli trekta lenyewe halilimi. Kinacholima ni kile kilichofungwa nyuma, na ndicho kinachoisha kwanza.

Nenda Kongwa leo utaona jambo la kufurahisha. Ile ardhi haikulaaniwa. Sehemu ya mapori yaliyofyekwa iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, inayojulikana hadi sasa kama Ranchi ya Kongwa. Ng'ombe! Kile kile ambacho Mgogo alikuwa anakifuga pale kabla ya tingatinga la kwanza. Na kule Kibaigwa, katika wilaya hiyohiyo, lipo soko kubwa la mahindi linalojulikana nchi nzima, na wakulima wa kawaida wanakodi trekta kulimiwa kwa ekari. Inawezekanaje? Wanalima kwa kipimo chao. Wanangoja mvua ya kwanza ilegeze udongo. Wakipata shamba lenye visiki, wanaving'oa kwa shoka na sururu kwanza au wanavizunguka. Mwenye trekta anajua diski zake zinagharimu nini, kwa hiyo akiona shamba ni kavu mno anakataa, anakwambia, "Bwana, ngoja inyeshe tena." Kukataa huko ndiyo bolti laini. Kunakatika kwa bei ya siku mbili tatu za kungoja.

Na ufundi upo, umejaa barabarani. Angalia fundi wa kuchomelea anavyopokea plau iliyopasuka fremu. Mjinga anachomelea juu ya ufa, basi, na kesho ufa unarudi pembeni ya alama ya moto. Fundi hasa anatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, anauchimba ufa kwa jiwe la kusagia, anapasha chuma moto taratibu, ndipo anachoma. Akimaliza hamwagii maji hata kama mwenye plau ana haraka. Anakifukia kwenye majivu makavu au mchanga kipoe polepole, maana chuma kigumu kikipoa ghafla kinakuwa kama kigae. Diski iliyoanza kulika anaweza kuitandikia ukingoni mstari wa risasi za kuchomelea zilizo ngumu kuliko diski yenyewe, ili mchanga uanze kula hizo kwanza. Huo ni ujuzi wa kemia na wa udongo kwa pamoja, ingawa mwenyewe atakwambia ni mazoea tu.

Ujuzi huo haujaandikwa. Hapo ndipo hoja yangu inapotua. Vijana wenzangu tunaosoma na kuandika tumezoea kutafuta historia kwenye hotuba, mabunge na mikataba. Ya Kongwa ilikuwa inaandikwa upya kila jioni, kwenye benchi la gereji, kwa alama za diski na meno yaliyong'oka, na hakuna aliyeona kwamba ni maandishi. Sasa wazee waliofunga boriti na bolti za mpango ule karibu wote wamekwenda. Daftari zao, kama zilikuwepo, zimefungiwa vitumbua.

Lakini mafundi wa miaka ya 1970 na 1980 bado wapo, na wa leo wapo. Ukipata nafasi, chukua kalamu ukakae nao. Waulize plau za mashamba ya serikali zilikuwa zinavunjika wapi, ni udongo wa kijiji gani unaomaliza diski upesi, ni chapa gani iliyokosa spea na mwaka gani. Andika. Mpango mwingine mkubwa wa kilimo utakuja, hilo halina shaka, na utakuja na ramani, rangi na tarakimu nyingi. Siku hiyo ni heri awepo kijana mwenye daftari la gereji, aliweke mezani kabla saini haijatiwa, aseme: ardhi hii ilikwishajibu swali lenu, majibu yake haya hapa.